Neno la Ilham na Maduka ya Gemu

Ilham, mwanangu, kipenzi changu,

Barua hii ningeweza kukutumia kwenye simu ukaisoma peke yako. Naiandika hadharani kwa kuwa hadharani ndiko unakotukanwa.

Nakukumbuka chumbani kwetu Mpendae, wewe na Salum mwenzako, mmeinamia kompyuta mnatengeneza gemu ya wanawake wanaolima mwani baharini. Ulinikalisha mbele ya maikrofoni, ukaizungushia kanga ili mwangwi usiingie, ukaniambia, "Mama, waite wenzio kama ulivyokuwa ukiwaita pwani ya Kiwengwa, maji yakianza kujaa." Nikaita kwa sauti yangu yote. Jirani wa ukuta wa pili akaitika, "Naam!" Tulicheka mpaka machozi.

Sehemu ya kwanza mliiweka bure kwenye lile duka kubwa la mtandaoni ambako watu hununulia gemu za kompyuta. Waliokuja kuijaribu waliipenda. Wakawaonyesha makosa, wakatafsiri maneno kwa lugha zao, nawe ukawaahidi kwamba gemu ikikamilika wataipata palepale.

Ndipo likaja duka jingine, jipya. Lilitaka gemu iuzwe kwake peke yake mwaka mzima, nalo lingewalipa mapema, inunuliwe isinunuliwe. Salum alikuja mbio jikoni. "Bi Mwajuma, riziki imebisha hodi!" Sikumlaumu. Alikuwa na mtoto mchanga, na lile duka kubwa lilikuwa likijikatia fungu nene katika kila mauzo. Alisema lisipopata mshindani litawabana watengenezaji wadogo litakavyo. Maneno yake yalikuwa na uzito, na mpaka leo yanao.

Wewe uliendelea kumenya vitunguu.

"Nshawaahidi watu, Salum."

"Watu wenyewe huwajui hata sura!"

"Na wao hawanijui, lakini wameniamini."

Ukaliandikia duka lile kwamba mtauza kwake tangu siku ya kwanza, ila si kwake peke yake. Likawatakia kila la heri, likaenda zake. Salum akasusa kuja kwetu. Nawe ulikuwa ukifungulia bomba chooni ili nisikusikie ukilia. Nilikusikia, mwanangu. Na nilijua hulii kwa majuto.

Gemu ilitoka. Haikuwatajirisha. Lakini asubuhi moja Salum alirudi mwenyewe, simu mkononi, akatusomea ujumbe wa mwanamke wa nchi ya mbali. Alisema anaicheza pamoja na mama yake mgonjwa, na kila sauti yangu ikiita ndani ya gemu, mama yake huitikia. Salum hakumaliza kusoma. Alivuta kiti, akakaa karibu yako, mkaanza kurekebisha makosa yaliyobaki. Gemu hiyohiyo ndiyo iliyokupatia kazi huko Nairobi.

Sasa mna gemu ya pili, nalo duka lile jipya limerudi na sharti lilelile. Safari hii umekubali. Na waliokusifu jana leo wanakuita msaliti, eti umenunuliwa. Nimesoma yote, miwani ninayo.

Basi na wanisikie. Gemu hii Ilham hakumwahidi mtu. Kabla hajaonyesha hata picha moja, alisema waziwazi itauzwa wapi, na kwamba mwaka ukiisha itafika kwenye maduka mengine. Anayeweza kungoja angoje, na anayeona vibaya ana haki ya kutonunua. Kama mnaona duka moja kuhodhi gemu ni jambo baya, semeni, hoja hiyo inazungumzika, hata mimi na Salum tunaibishania kila akija kunywa chai. Lakini msimwite mwanangu mwongo. Mara ya kwanza alikataa akiwa na shida, kwa kuwa alikuwa amefungwa na neno lake. Mara hii alikuwa huru, akachagua.

Ilham, mimi miaka yote niliyolima mwani nilimuuzia mnunuzi yuleyule aliyenipa kamba za kuupandia, kwa bei aliyoitaka yeye. Hakuna aliyewahi kuniuliza napenda kumuuzia nani. Wewe umeulizwa mara mbili, na mara zote mbili umejibu kwa akili yako mwenyewe, bila kumdhulumu mtu. Sijui nikueleze vipi furaha niliyonayo nikiliwaza hilo.

Kula vizuri, usiyasome matusi kabla ya kulala. Na wakikuuliza wewe mtoto wa nani, nitaje kwa sauti.

Ni mimi mama yako,
wa Mpendae