Mama, Birtwistle Lina Maana

Mama,

Lina maana. Naanza na hilo kwa sababu najua hukuwa na subira ya salamu ndefu.

Siku nilipomleta mchumba wangu Danieli nyumbani huku ugenini, mtaa wa Regent Park, ulimuuliza jina la ukoo wao, Birtwistle, maana yake nini. Nikamtafsiria. Akainua mabega: hajui, ni jina tu. Ukanigeukia. "Mtu mzima, tena na ndevu, hajui anaitwa nini?" Toka hapo akawa Bwana Sijui, na akaitika, mdomo umejaa majani ya muhogo, sombe yako.

Lakini kwa mjukuu hukutania. Mimi mliniita Machozi kwa kuwa nilizaliwa wiki ya kumzika babu. Mdogo wangu ni Amani, bunduki zilikuwa zimenyamaza. Kule hospitali ulikolazwa uliweka mkono kwenye tumbo langu ukasema, "Jina tupu asipewe mtoto wetu." Nikaahidi. Kisha ukaenda, Mama. Hukumwona hata kidole.

Ni msichana, Neema. Mama mdogo Riziki akalinda neno lako kama polisi: bila maana, hakuna Birtwistle kwenye ubatizo. Danieli aliumia, maana kwao amebaki yeye peke yake na jina hilo. Na mimi katikati, nanyonyesha.

Basi nikambeba mtoto mgongoni mpaka maktaba, mimi niliyeishia darasa la sita. Mama mmoja wa pale akaleta kitabu kinene cha majina ya Waingereza, tukasoma kwa kidole. Birtwistle kilikuwa kijiji kaskazini mwa Uingereza. Kwa Kiingereza cha kale sana, ni mahali mto unapogawanyika, penye makinda ya ndege. Kijiji chenyewe hakipo tena, Mama. Watu waliondoka na jina. Nikalia, yule mama akadhani nimepata habari mbaya.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa zima nikaeleza mwenyewe, bila karatasi. Mama mdogo akainuka kitini, nikaogopa. Halafu akasema, "Kumbe hata hawa walitoka mahali," akapiga vigelegele mpaka mtoto akaamka. Neema Birtwistle akabatizwa analia kwa nguvu zote. Danieli sasa anawaeleza wenzake kazini kama vile alijua tangu utotoni.

Akianza kusema, nitamfundisha yote mawili, Neema na Birtwistle, kwa Kiswahili. Akinijibu kwa Kiingereza kama watoto wa hapa, nitauliza tena mpaka achoke yeye.

Pumzika, Mama. Kuuliza maswali niachie mimi.

Machozi wako