Kaunta ya Watu Wanne

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama ni wazima, na goti limetulia. Mimi sijambo, isipokuwa mikono inanuka kimea hata nikioga mara mbili.

Uliuliza hii ni baa gani isiyo na mwenyewe. Ina wenyewe wanne, baba. Ni ghala la zamani la matairi. Nyuma kila mtu anapika bia yake kwenye matangi yake; mbele tuna kaunta moja yenye mabomba kumi na mawili, matatu kwa kila mmoja. Yupo Fundi Saa, aliyechoka kutengeneza saa. Mama Tangawizi, ambaye bia yake inakutoa machozi. Na Mwalimu, anayewasahihisha wateja wakikosea jina la kinywaji. Mteja akimaliza gilasi yangu anahamia bomba la jirani, na hakuna anayenuna.

Jumamosi bia yangu nyeusi iliisha mapema. Mzee mmoja akasema atasubiri pipa jingine. Nikamwambia ni wiki tatu. Akaomba gazeti.

Binti yako

19 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti linaniheshimu asubuhi, jioni linanitukana. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Juzi alinitembelea Meneja wa kiwanda cha bia. Miaka thelathini na moja nililinda matangi yake na hakuwahi kujua ninakoishi. Juzi alifika bila kuuliza njia. Anasema kampuni inataka kuungana nanyi. Mtapewa majokofu mapya na kulipiwa pango, nanyi mtaweka bia zao kwenye mabomba tisa. Wanataka saini nne au basi. Wenzako wako tayari, umebaki wewe.

Nasema kama mzazi: tia saini. Bia ni kazi ya viwanda. Nimewaona waliowakatalia, na leo hata vibao vyao vya mlangoni havipo.

Baba yako

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Sitii saini. Mkataba niliusoma hadi ukurasa wa mwisho, ambako wenzangu hawakufika. Humo imeandikwa kwamba kampuni inaweza kuiondoa bia yetu yoyote isiyofaa. Nikamuuliza Meneja, "Nani anaamua kwamba haifai?" Akajibu, "Sisi, bila shaka." Nikamrudishia kalamu yake.

Fundi Saa hasemi nami tena. Mwalimu anadai ninawaponza wote. Lakini kinachoniuma ni wewe, baba, kuniandikia maneno ya mtu yule kwa mwandiko wako. Si wewe uliyekuwa ukiniletea vichupa vya bia kutoka matangini, ukanifundisha kunusa ni ipi imeharibika? Kama bia ni kazi ya viwanda, ulinifundisha ya nini?

Usiniandikie tena kwa niaba ya mtu.

Binti yako

8 Mei

Binti yangu,

Hujambo? Sisi wazima. Karibu wiki sita nimetembea na barua yako mfukoni. Mama yako aliikuta alipofua shati, na tangu hapo ananipa chai bila kuniangalia.

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wangu wa ishirini kazini nilinusa tangi la saba nikajua limeharibika. Nikamwambia Meneja, huyu huyu, "Hili limwagwe." Akasema, "Wewe umeajiriwa kulinda tangi, si kutoa maoni." Wakalichanganya na la nane, wakauza. Nikanyamaza hadi nikastaafu. Vile vichupa nilianza kukuletea mwaka ule ule. Nilitaka mtu mmoja tu aniamini.

Jana Meneja alirudi na ombi lile lile. Nilimpokea mlangoni, nimesimama. Nikamwambia, "Binti yangu amekataa, na mimi nimekataa pamoja naye." Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri miaka mingi kuliko inavyofaa.

Nisamehe.

Baba yako

21 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Yalikwisha nilipofungua bahasha.

Barua yako niliwasomea wenzangu kwa sauti pale kaunta, bila kukuomba ruhusa. Fundi Saa alivua miwani. Mama Tangawizi akauliza, "Kumbe hao waliouza iliyoharibika ndio watakaosema yangu haifai?" Mwalimu akaudai mkataba, akausoma wote kwa kalamu nyekundu. Alhamisi tulimpigia Meneja, tukamwambia hapana, mmoja baada ya mwingine, ahesabu mwenyewe.

Wiki haikuisha. Kampuni imelikodi ghala lote, na mwenye ghala ametupa siku arobaini tuhame. Tumepata kiwanda cha mikate kilichofungwa, upande mmoja hakina paa. Tunakwenda wote wanne. Kaunta tunaing'oa, mbao ni zetu.

Binti yako

24 Mei

Binti yangu,

Hujambo. Nakuja Jumatatu kwa basi la kwanza. Mama yako anakuja pia; anasema mimi nitatoa amri tu na mtu lazima abebe.

Msilegeze skrubu hata moja kabla sijafika. Tangi lina namna yake ya kuhamishwa. Na Meneja akipita kutazama mnavyoondoka, msimfukuze. Mwonyesheni upande wa pili wa kaunta, ashike.

Baba yako