Mizani ya Baba na Sakafu ya Darrell

S.L.P. 118,
Lewistown, Montana.
4 Oktoba 2018

Mpendwa mdogo wangu Arvid,

Hujambo huko Ketchikan? Goti linaendeleaje, na je, mvua imekuachia walau siku moja ya kuanika soksi? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kugomba bado najua. Huku theluji ya kwanza imeshagusa vilele na elki, wale kulungu wetu wakubwa, wameanza kushuka.

Najua Darrell amekupigia simu. Mwanangu huyo hawezi kuficha kitu. Aliponiambia, "Mjomba Arvid anakusalimu sana," nikajua kikao kimekaliwa bila mimi. Anataka unishawishi niache kujitengenezea risasi na kuzijaza baruti, nimkabidhi mizani ya baba ya kupimia baruti na bunduki yangu, nikae nifume sweta. Basi kabla hujashika kalamu kunishauri, nisikilize mimi kwanza.

Sikatai kwamba jambo lilitokea. Mwezi uliopita nilikwenda klabuni kulenga shabaha, kama kila mwaka kabla ya msimu wa kuwinda. Risasi ya kwanza juu, ya pili chini, ya tatu sijui ilikwenda kwa nani. Orville Stenerud, yule jirani mwenye masikio makubwa, akapaza sauti ili wote wasikie: "Solveig, mama, leo unawinda elki au bata?" Nikamjibu, "Nakuwinda wewe, hebu simama pale mbele." Watu wakacheka. Darrell hakucheka. Alichukua risasi zangu kumi zilizobaki, akaenda kuzifungua kwake moja moja na kupima baruti iliyomo. Hazikupatikana mbili zilizolingana.

Kesho yake akaja, akakaa jikoni kofia mkononi, uso wa mtu aliyeleta habari za msiba. "Mama, sikulaumu. Ila mkono umechoka. Baruti ikizidi, bunduki inakupasukia usoni. Na atakayekuzika ni mimi, si Orville."

Arvid, liliniuma kwa sababu nilimwamini. Unakumbuka mama alivyoanza. Alitia chumvi kwenye kahawa, tukacheka. Mwaka uliofuata akawa anakuita wewe kwa jina la baba. Alikuwa na miaka sabini na tatu, na mimi nimetimiza sabini na tatu mwezi wa tano. Kwa siku nne sikuingia kwenye chumba cha risasi. Nilihesabu vijiko kabatini, nikavihesabu tena. Nilijitajia kwa sauti majina ya walimu wetu wote wa shule ya msingi. Niliogopa, nakuambia wewe tu.

Siku ya tano nikakasirika, na unajua nikikasirika akili yangu hufanya kazi vizuri zaidi. Miaka arobaini na sita nimejaza risasi zangu mwenyewe, halafu nihukumiwe kwenye meza ya jikoni? Nikaingia chumbani, nikafanya kama baba alivyotufundisha: sawazisha mizani, ilete kwenye sifuri, kisha weka kisahanini kile kichwa cha risasi ambacho uzito wake unaujua, uone kama inasema kweli. Ikasema kweli. Nikaketi kitini, nikaweka kichwa kile kile. Uongo. Nikasimama. Kweli. Nikaketi tena. Uongo mtupu!

Nikachukua pima maji ya marehemu Merle wangu, nikailaza mezani. Kiputo chake cha hewa kilikuwa katikati. Nikapiga hatua mbili kuelekea kitini, kiputo kikanikimbia.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nane Darrell, kwa huruma zake, aliitoa meza yangu ya risasi kwenye chumba cha chini ya nyumba, chenye sakafu ya zege, akaileta chumba cha nyuma, eti ngazi zitaniua. Sakafu ya huku ni ya mbao, na boriti zake zimenizidi umri. Nikisimama inabonyea upande huu, nikiketi inabonyea upande ule, na meza inainama nayo, na mizani juu yake. Nilikuwa naileta kwenye sifuri nimesimama, kisha napima baruti nimeketi. Kosa hilo ni langu, nalikubali. Nilisawazisha meza siku ilipoletwa, nikaridhika, kwa kuwa zege halijawahi kunisaliti.

Nikamwita Darrell, nisimweleze kitu.

"Simama pale."

"Mama, nini tena?"

"Simama tu, baba. Una haraka ya kwenda wapi?"

Unamjua alivyojaa. Kiputo kikaenda zake. "Njoo huku." Kikarudi, kikapitiliza. "Sasa ruka."

"Mama, mimi nina miaka arobaini na tisa."

"Ruka!"

Akaruka, na mkono wa mizani ukagongagonga kama meno ya mtu mwenye baridi. Akainama kuitazama ile pima maji. Nilingoja aniombe radhi. Akasema, "Basi nikununulie mizani ya umeme." Nikamwambia ibaki huko huko dukani.

Nimefunga rafu kwenye dohani ya matofali, ile inayopita chumbani ikitokea msingini. Usianze kufoka, haijawashwa moto tangu tulipoingiza gesi, na juu imezibwa. Rafu haigusi meza wala sakafu. Juu yake nimelaza kipande cha jiwe la graniti, na mizani imekaa usawa wa macho yangu nikiketi, ili ncha ya mkono wake niione moja kwa moja, si kwa juu. Matofali nimeyatoboa mwenyewe. Nikajaza risasi ishirini, nikampa Darrell kumi azifungue. Zote sawa. Jumamosi nikapiga tano klabuni, yadi mia mbili, na kikombe cha kahawa kingeyafunika matundu yote matano. Orville akakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kulisha.

Darrell bado ananiambia, "Safari hii ilikuwa sakafu." Najua anachomaanisha, na hajakosea. Nimemjibu hivi: siku rafu imetulia, kiputo kiko katikati, na baruti bado inatofautiana, nitajua ni mimi, na funguo za chumba cha risasi nitampa kwa mkono wangu. Kabla ya hapo asiniguse. Elki wa mwaka huu nitamwangusha mwenyewe.

Nisalimie Ingrid na wale mapacha, na mwambie Ingrid jamu yake ya beri imeisha. Mungu awalinde na maji ya huko, na alitulize goti lako.

Jambo moja tu nakuomba. Kama siku hiyo itafika nami nikakataa kuiona, asije Darrell. Panda ndege uje wewe. Ulikuwepo kwa mama. Ukiniambia wewe, nitaiweka bunduki chini.

Mimi dada yako nikupendaye, na bado nalenga,
Solveig