Sanduku Lililoandikwa MAYAI

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Theopista Pantaleo Tarimo (Mama Beno)
Umri: Miaka 46
Dini: Mkristo
Kazi: Muuzaji wa mayai kwa jumla
Makazi: Mtaa wa Pemba, Kariakoo
Tarehe: 13/03/2025, saa 8:10 mchana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu kubadilisha nilichosema juzi. Nilisema uongo. Afande, andika hivyo hivyo, usiupambe.

Mnamo tarehe 11/03/2025, siku ya Jumanne, majira ya saa 4:20 asubuhi, nilikuwa dukani kwangu Mtaa wa Mchikichi nikipanga trei. Alikuja Hashimu, dereva wa bajaji anayenisambazia mayai kwa wateja, huu mwaka wa sita. Alikuwa amebeba sanduku jeupe la kutunzia baridi, juu limeandikwa kwa kalamu nene MAYAI. Akasema, "Mama Beno, shikamoo. Mzigo wako wameutelekeza kwenye ngazi za jengo la pili, jua litauharibu." Nikasema marahaba, weka hapo. Mtaa ule mzima, ukisema mayai umenisema mimi. Hashimu hakuiba kitu. Aliona mali yangu inapotea akaiokoa.

Nilifungua kifuniko mbele ya wateja kama kumi. Hakukuwa na yai hata moja. Kulikuwa na vichupa vya damu vimepangwa kwenye barafu. Mteja mmoja akapiga yowe, "Mumiani! Wanauza damu za watu!" Jamani, Kariakoo haihitaji kuambiwa mara mbili. Dakika haikuisha, watu wakajaa mpaka barabarani.

Mimi vile vichupa nilivijua. Hicho ndicho nilichokificha. Ni vya Dokta Celina, mtafiti aliyepanga chumba kwenye jengo hilo la pili. Anatafiti wanawake ambao mayai ya uzazi yamewaishia mapema. Tunatoa damu kila Jumanne, anapima homoni, sampuli zinapelekwa maabara Upanga. Neno MAYAI analiandika makusudi. Aliwahi kuniambia akiandika DAMU hatamaliza wiki mtaani pale. Kichupa cha juu kabisa kilikuwa namba 27. Namba 27 ni mimi. Nilitoa damu ile saa 1:30 asubuhi, kabla sijafungua duka.

Hedhi yangu ilikatika nikiwa na miaka 31. Mume wangu alivumilia mwaka mmoja, akaenda kuoa Moshi. Beno ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimlea miaka minne, mama yake akaja kumchukua, jina likabaki. Mtaani hakuna anayejua. Watu wananiuliza Beno hajambo, nasema hajambo. Dokta Celina ndiye wa kwanza kunieleza bila kunitia aibu. Alisema ubongo wangu unatuma homoni nyingi kupita kawaida, unapiga hodi, unapiga hodi, na kule ndani hakuna wa kuitikia. Nilienda nyumbani nikalia, afande, maana hata nyumbani kwangu ni hivyo hivyo.

Basi walipouliza, "Mama Beno, hivi unavijua?" nikasema sivijui. Wakauliza kwa nini Hashimu kavileta kwangu. Nikasema sijui, muulizeni mwenyewe. Hapo ndipo walipomgeukia. Walimpiga ngumi, wakampiga na viti vyangu vya plastiki.

Saa 4:35 Dokta Celina alifika mbio. Alisema sanduku ni lake, aliliacha kwenye ngazi akarudi juu kuchukua barafu ya kuongeza, na wanawake wale wametoa damu kwa hiari yao. Mtu mmoja akamjibu, "Basi mlete hata mmoja aseme." Dokta alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Alituahidi siri, na hakunitaja hata vichupa vyake vilipokanyagwa vyote. Kazi yake ya miaka miwili ikavunjikia pale. Neno langu moja lingetosha, na sikulisema.

Nilimpelekea Hashimu maji. Mdomo ulikuwa umepasuka. Akasema, "Hapana Mama Beno, nimefunga." Hakujua kama ni mimi niliyemponza.

Askari walipofika saa 4:50 nilirudia uongo uleule, na ndiyo maana yuko mahabusu kwa wizi hadi leo. Jana asubuhi mke wake, Siti, alikuja dukani. Akaniambia, "Wewe ni mzazi mwenzangu, nisemee." Nilishindwa kumtazama usoni.

Hashimu hana kosa. Damu ile ni yangu, niliitoa mwenyewe. Niliyoyaona na niliyoyaficha ni hayo, nimesomewa, na ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: T. P. Tarimo

Maelezo haya yameandikwa na mimi, Koplo Marcelino, na kumalizika saa 9:25 alasiri. Nilimweleza shahidi kwamba yanaweza kusomwa mahakamani mbele ya watu, pamoja na habari za uzazi wake, na kwamba anaweza kuomba sehemu hiyo iondolewe. Alisema nisiondoe kitu. Nilimuuliza jina la ndugu wa karibu wa kujaza kwenye fomu. Alisema hapo niache wazi.