Neno Nililomwambia Achieng' Uwanjani

Kiplombe, Eldoret
Jumatano, baada ya chai ya saa nne

Mdogo wangu mpendwa Adhiambo,

Hujambo, mama? Mvua imewafikia, au bado mnayatazama mawingu yakienda kunyesha ng'ambo ya ziwa? Goti la shemeji limepoa? Mimi niko, kwa maana kwamba bado naamka. Baridi ya huku unaijua, ile iliyokufanya ulale na soksi mbili ulipokuja. Miguu imevimba tena. Daktari, kijana mpole, aliniambia wiki jana kwamba moyo wangu umechoka sana, na kwamba nikiwa na la kuwaambia watu wangu nisilikawize. Alizungukazunguka na maneno, maskini, mpaka nikamsaidia kuimalizia sentensi yake. Basi nakuambia wewe.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Achieng', mjukuu wako, ataisoma barua hii kabla sijaifunga. Lugha yetu anaisikia, na bibi huniita Dani kama sisi tulivyomwita wetu, lakini kuisoma hawezi. Na sikutaka simu. Ungelia kabla sijafika katikati, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza.

Mwezi uliopita uliniuliza kwa nini mtoto ameacha mpira. Nilikujibu kwamba wasichana wa miaka kumi na sita hubadilika. Nilikudanganya, Adhiambo. Aliacha kwa sababu yangu.

Ulipomleta kwangu aingie sekondari, ulisema mikono yake ni mirefu mpaka hajui pa kuiweka. Mimi nilijua. Softiboli niliicheza nikiwa chuo cha ualimu, kisha nikaifundisha hadi nilipostaafu. Mpira wenyewe hurushwa kutoka chini: mkono unazunguka duara zima kando ya bega na kuuachia mpira karibu na paja. Mrushaji wasichana humwita picha. Nilipokupigia kukuambia kwamba mjukuu wako sasa ndiye picha wa shule, uliniuliza amepigwa na nani. Bado nacheka nikikumbuka.

Nilimfundisha hapa nyuma ya nyumba, kati ya mahindi na ua. Nilitundika sinia kuukuu kwenye nguzo, naye baada ya mwaka mmoja alikuwa akiligonga atakavyo. Kulenga alijua. Kasi ndiyo hakuwa nayo. Mpira wake ulifika kwa heshima, kama mgeni anayebisha hodi, na wapigaji walikuwa na wakati wote wa kuungojea. Nami nilikuwa na dawa moja tu, ile niliyowapa wasichana wote waliopita mikononi mwangu: "Kaza mkono!" Unajua neno hilo lilivyo huku kwetu. Mgonjwa tunamwambia kaza, mwanafunzi wa mtihani kaza, mwenye kulima kaza. Maana yake tia bidii, tuko nyuma yako. Lakini mimi nilimaanisha na mkono wenyewe pia, unyooke kama mpini wa jembe. Achieng' alinitii. Kila jioni alitii, na mpira ukabaki palepale.

Ndipo akaja Kocha Hodan. Baba yake ni Msomali mwenye duka la vitambaa mjini. Binti amezaliwa hapahapa Eldoret, akasoma chuo kikuu, akacheza huko, na shule ikampa timu. Mwembamba, hijabu ameifunga vizuri nyuma isimsumbue. Siku ya kwanza alinisalimia kwa mikono miwili na kuniita Mwalimu. Nilitafuta kosa katika salamu hiyo, nisilione.

Unajua alimfundishaje? Alilowesha taulo, akampa Achieng' alichape ukutani. "Ukikaza, halilii," akamwambia. "Legeza, halafu uone." Mtoto akalegeza mkono, taulo likalia kama mjeledi. "Sasa mpira ndiyo ile ncha ya taulo. Wewe ni mguu unasukuma, mkono unafuata tu." Akaweka kamba chini mbele yake, aruke kuivuka kila anaporusha. Akamsimamisha karibu na wavu, arushe kwa nguvu zote bila kulenga chochote. Bila kulenga! Mimi niliyemwekea sinia mwaka mzima. Kisha akampiga video kwa simu, wakaketi nyasini vichwa vikigusana, wakiitazama polepole.

Nyumbani, tukila, ilikuwa ni kocha, kocha.

"Dani, kocha amesema bega yangu ilikuwa inapanda mpaka kwa sikio. Ati ndiyo ilikuwa inakula speedi."

"Nani alikupandishia?"

"Si wewe, Dani! Ni mimi tu nilikuwa nakaza sana."

Alisema hivyo kunihurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Mwanzoni mipira yake ilitawanyika ovyo, ikapita juu ya ua hadi kwa jirani, nami nilifurahi. Nilikuwa nikihesabu mipira iliyopotea huku nikimenya viazi. Lakini baada ya wiki sita kulenga kulirudi, na kasi ikawa imekuja pamoja nako. Siku moja aligonga sinia likakunjika katikati. Alikuja mbio kunionyesha, anacheka. Nikamwambia ameniharibia chombo.

Adhiambo, nilikuwa na wivu. Wivu ule hasa wa mke aliyeletewa mwenzake. Nilikuwa nikilala mchana namwona Hodan ameketi kwenye kiti changu.

Halafu ikaja mechi ya kuchaguliwa timu ya kaunti. Ilichezwa katika shule moja huko njia ya mji wa Ziwa, nami nikaomba lifti kwa mzazi mmoja, nikaketi na fimbo yangu kwenye benchi la mbele. Wachaguzi walikuwa nyuma ya wavu na karatasi zao. Achieng' akaanza kurusha. Sijui nikuelezeje. Mpira haukuonekana, uliusikia tu ukiingia kwenye glavu ya mdakaji, paa! Wapigaji watatu wa kwanza walipunga gongo hewani wakaenda zao. Mama mmoja kando yangu akamwambia mwenzake, "Huyo kocha ametengeneza huyo mtoto kweli." Mwenzake akajibu, "Kabla aje, hakuwa kitu."

Hakuwa kitu. Nilisimama, Adhiambo. Kwa miguu hii nilisimama, nikaita kwa ile sauti yangu ya uwanjani: "Kaza, mama! Kaza mkono!"

Elewa vizuri. Sikuteleza ulimi, wala si mazoea ya uzee. Kufikia siku ile nilikwisha kuona kwa macho yangu neno hilo linaufanya nini mkono wake. Na nilijua pia hakuna atakayenishuku, maana nani anamlaumu bibi kikongwe kwa kumwambia mjukuu kaza? Wale akina mama wawili hata waliniunga mkono, wakaitikia, "Kaza, kaza!"

Achieng' alinitazama. Nikaliona bega likipanda. Mpira ukagonga chini, hatua mbili mbele ya mpigaji.

"Legeza, Achi!" Hodan akaita. "Taulo!"

"Kaza!" nikasema.

Mtoto akanisikiliza mimi. Sasa hapa ndipo penye dhambi yangu, mdogo wangu, usipapite haraka: nilifurahi. Moyo uliruka kama wa msichana. Kati ya sauti mbili alichagua yangu. Nikaendelea kuita, naye akaendelea kukaza. Mipira minne mibaya humpa mpigaji kituo cha kwanza bure. Alitoa vituo vinne mfululizo. Hodan akaenda katikati ya uwanja, akamkumbatia, akamtoa.

Njiani Achieng' alilia kimyakimya. "Niliogopa tu, Dani. Mimi si mtu wa mechi kubwa. Nashindwa kwa roho." Nami nikamshika mkono, nikamwambia yatapita.

Siku mbili baadaye Hodan alikuja hapa nyumbani na maziwa na halua. Hakugusa chai. "Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Nilimharakisha mtoto. Kama ningemwacha na njia yako, hangeaibika mbele ya watu." Macho yake yalikuwa mekundu. Ningeweza kusema pale. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili. Badala yake nilimwambia nimemsamehe. Halua nikaila.

Tangu hapo Achieng' hajashika mpira. Glavu ameitia gunia la nguo za kugawa. Sasa kaunti itachagua tena wikendi ya mwisho wa mwezi, Hodan amemwita mara tatu, naye anakataa, anasema roho yake ni ndogo. Roho yake si ndogo. Alimtii mtu aliyempenda, basi. Nisipolisema hili nikiwa hai, atazeeka akiamini uongo wangu kuhusu yeye mwenyewe.

Natua kalamu hapa. Anarudi kutoka shule saa kumi na moja.

Alhamisi, asubuhi

Ameisoma. Nilimpa aketi mezani, nami nikaketi mbele yake kwa sababu nilijiambia nisijifiche. Alisoma hadi mwisho, akarudi nyuma, akasoma tena ule ukurasa wa mechi.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Mara ya kwanza ama zote?"

"Zote."

Hakulia. Aliinuka, akaenda kulifungua lile gunia, akatoka. Nilimwona akishuka barabarani kuelekea mjini, ile mikono ikining'inia. Nilifikiri labda amekwenda stendi, anakuja kwenu. Aliporudi jua lilikuwa limezama. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nimeenda dukani kwa baba yake kocha. Kocha alikuwa huko, nimemwambia yote. Jumamosi naanza mazoezi."

"Amesemaje?"

"Amekunja kitambaa alichokuwa ameshika. Halafu akaniuliza kama umekula." Akatazama chini, kisha akanitazama. "Dani, nitakupikia, nitakuoshea miguu, hiyo haibadiliki. Lakini kwa uwanja usikuje. Hata hiyo siku ya kuchaguliwa. Usikuje."

Nikamwambia sawa. Alitarajia nibishe, nadhani, kwa sababu alibaki pale kidogo. Kisha akaingia kuwasha jiko.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kubwa. Njoo wewe. Ng'ombe waachie mkamwana, uje kabla ya mwisho wa mwezi. Mtoto asisimame pale bila mtu wa kwao. Kaa kwenye benchi la mbele, na akirusha vibaya usimwambie neno lolote, hata la kumtia moyo. Piga makofi tu. Ukimwona Hodan, msalimie kwa mikono miwili. Mimi barua yake bado naiandika. Ya kwako imekuwa rahisi zaidi.

Nisalimie shemeji na goti lake. Nisalimie mkamwana wako, yule anayekutilia chumvi kidogo kwa ajili ya presha, na mke wa mchungaji, mwambie aniombee bila kuuliza sababu. Msalimie na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea gauni la kustaafu. Limekuwa kubwa sasa.

Siku hiyo mtakapokuwa uwanjani nitakuwa hapa kitandani, na ninajua nitakuonea wivu hata wewe. Kwa hiyo ukirudi nisimulie, lakini polepole, mpira mmoja mmoja. Wivu huu bado uko hai, Adhiambo, na ningependa wivu ndio utangulie kufa kabla yangu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Norah