Jiko la Marehemu Shomari

Dada Agnesta,

Shikamoo. Natumaini mama na wewe mnaendelea vizuri, na goti lake limetulia licha ya baridi ya huko. Mimi ni mzima. Chumvi ya huku Mafia inakula mabati, nyaya na vitasa, lakini mwili wangu bado haijaugusa. Uliuliza kwa nini nilikaa kimya. Nilikuwa na shughuli ya jiko moja.

Hoteli ninayofanyia kazi ya ufundi iko ukingoni mwa Ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari. Uani kuna jiko la gesi la kuchomea samaki wa wageni. Aliyelishika miaka mingi ni Shomari, mwenyeji wa Miburani, aliyefariki masika haya kwa homa. Mkewe, Bi Mwanaidi, ndiye anayetayarisha samaki jikoni. Shomari hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akitaka sinia, alibonyeza kiwashio cha betri cha jiko: ta, ta, ta. Mkewe anatoka nalo.

Baada ya arobaini, jiko likaanza kulia lenyewe alfajiri. Mlio ulikuja na harufu ya uvundo. Watu wakasema Shomari anamwita mkewe. Bi Mwanaidi alianza kufika kazini kabla ya adhana na kusimama kando ya jiko, akisikiliza. Wenzake wakaona walifukize.

Nilikuwa natoka kwenye jenereta nikawakuta. Makame, mpishi, ameinama na chetezo cha makaa na ubani, anakisogeza chini ya jiko. Bi Mwanaidi yuko nyuma yake. Ile harufu ilikuwa gesi, na mtungi ulikuwa wazi.

"Makame, rudi nyuma."

"Fundi, mwache mtu apumzishwe. Au huko kwenu bara wafu hawaiti?"

"Wanaita, ila hawatumii betri. Rudi nyuma na moto wako!"

Alirudi akicheka. Makaa yalipokuwa mbali nilifunga mtungi, nikapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, nikafungua tena mtungi kidogo. Povu likavimba palipokuwa na alama za meno ya panya. Makame akaacha kucheka.

Kichomeo cha kushoto kilikuwa kinatoa moto wa njano, au hakishiki kabisa. Nyigu alikuwa amejenga kiota cha udongo ndani ya bomba lake, gesi ikikosa njia inarudi chini ya jiko. Kitufe cha kiwashio kilikuwa kimeliwa na kutu. Umande wa alfajiri ukiingia, cheche zinapiga zenyewe mpaka jua likikaushe. Gesi na cheche, alfajiri baada ya alfajiri, na mwanamke amesimama pale pale. Naamini upepo ndio uliomwokoa.

Nilibadilisha mpira na kitufe, nikazibua bomba kwa waya. Moto ukawa wa bluu, sawa pande zote.

Kesho yake jiko lilikuwa kimya. Bi Mwanaidi akanifuata.

"Fundi, umemtoa?"

"Nimebadilisha kitufe, mama."

"Nibonyezee hicho kipya. Mara moja tu."

Nilifunga mtungi, nikachomoa mpira kabisa, nikasubiri hewa isafishike, nikabonyeza. Ta, ta, ta.

"Abee," akaitika. Hakuwa ananitazama mimi. Alitazama nyuma ya bega langu, akakaza kanga, akaingia ndani na kurudi na sinia la samaki aina ya changu, wamekwisha kupakwa chumvi na ndimu. Siku hiyo hatukuwa na mgeni hata mmoja.

Nililipokea kwa mikono miwili.

Nisalimie shemeji, na baba mdogo anayetunza mizinga ya nyuki. Mama mpe shikamoo yangu, ila usimsomee habari za jiko. Kiwashio kinafanya kazi vizuri. Mimi na Makame tunawasha kwa kiberiti.

Mdogo wako,
Fidelis