Winchi Yangu na Geti la Wakwe

Naliaka, nimeng'oa geti la wakwe. Usicheke bado.

Unakumbuka ile winchi, mashine ya kuvuta gari ikikwama, niliyofungiwa mbele ya kile kiSuzuki changu? Fundi alisema gari ndogo inataka winchi ndogo. Nikamwambia, "Weka kubwa." Akaweka kubwa!

Leo tumempeleka mwanangu Kihara huko Mutuini kumposa Kui. Tukakwama kwenye matope pale pale getini. Akina mama wa kwao Kui wamefunga geti kama kawaida, wanaimba, wanangoja tuwabembeleze ndipo wafungue. Mimi nikafunga kamba ya winchi kwenye nguzo ya geti, nikabonyeza swichi.

Gari haikusonga. Nguzo ndiyo iliyokuja! Na geti nyuma yake! Geti lote, Naliaka! Wimbo ukakatika.

Kihara akaninong'oneza, "Mum, umeniharibia." Nikajua posa imekwisha.

Nyanya yake Kui akaja akasimama mahali geti lilipokuwa, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. Akasema, "Huyu mama anamtaka mtoto wetu kweli. Mpeni chai."

Wamekubali! Ila siku ya harusi wameomba nije kwa miguu.